Kufuli la Tarakilishi ni Hodi

Pana dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wasomi wetu kwamba Kiswahili ni lugha ya fasihi, siasa na soko, na kwamba mambo ya ndani ya tarakilishi hayana budi kuachiwa Kiingereza. Dhana hii haishikiliwi na wahandisi peke yao. Hata wanafunzi wa Kiswahili, ambao ndio waliotarajiwa kuipinga, huikubali kimyakimya kila wanapochagua mada za utafiti: tamthilia, ushairi, riwaya, kisha tamthilia tena. Makala haya yana maoni tofauti. Yanashikilia kwamba Kiswahili kinaweza kueleza hata jambo lililofichika ndani kabisa ya tarakilishi, yaani namna makufuli yanavyozuia vurugu katika kiini cha mfumo wa uendeshaji. Aidha, yanashikilia kwamba katika jambo hili Kiswahili kina neno linaloeleza ukweli kuliko hilo neno kufuli lililozoeleka. Neno lenyewe ni hodi.

Si kwamba hakuna kilichofanywa. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi inayozungumza Kiswahili. Katika muongo uo huo, kampuni ya Microsoft nayo ilitoa Windows yenye sura ya Kiswahili. Juhudi hizo zilistahili pongezi. Hata hivyo, zilishughulikia yale yanayoonekana kwenye skrini: hifadhi, chapisha, futa, funga. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tulipaka mlango rangi ya Kiswahili, tukaridhika, tukaondoka bila kuingia.

Ndani ya kiini

Mfumo wa uendeshaji ni programu inayosimamia programu nyingine zote, na kiini ndicho sehemu yake ya ndani kabisa. Kiini hugawa kumbukumbu, huamua ni mchakato upi utakaotumia prosesa na kwa muda gani, na hupokea habari kutoka kwenye kibodi, diski na mtandao. Linux, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi jijini Helsinki, ndicho kinachoendesha simu zote za Android. Kwa hivyo mama mboga anayepokea malipo kupitia simu ya aina hiyo anategemea kiini hiki, ajue asijue. Hili si jambo la ughaibuni pekee. Limo mifukoni mwetu.

Simu ya leo haina prosesa moja ndani yake bali kadhaa, nazo hufanya kazi kwa wakati mmoja. Hata pale ambapo prosesa ni moja, kazi yake hukatizwa mara kwa mara. Kitufe kikibonyezwa au ujumbe ukiingia, prosesa huacha ilichokuwa ikifanya, hushughulikia katizo hilo, kisha hurudi ilipoachia. Kutokana na hali hii, data moja ya kiini yaweza kuguswa na wawili, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Tuchukue mfano wa hesabu ndogo. Kila faili inapofunguliwa, kiini huweka kumbukumbu ya idadi ya wanaoitumia. Hesabu hiyo ikifika sifuri, kiini huelewa kwamba hakuna anayeihitaji tena, nacho huitwaa nafasi hiyo na kumpa mwingine. Sasa tuseme hesabu ni 1, na michakato miwili katika prosesa mbili inataka kujiunga. Kuongeza moja, ambako machoni petu ni tendo moja, kwa prosesa ni hatua tatu: kusoma hesabu ya zamani, kuijumlisha moja, na kuiandika mpya. Mchakato wa kwanza unasoma 1. Kabla haujaandika, wa pili nao unasoma 1. Wa kwanza unaandika 2. Wa pili unaandika 2. Watumiaji ni watatu, ilhali daftari linasema ni wawili.

Hakuna aliyekosea. Kila mmoja amejumlisha sawasawa, na kila mmoja ameandika alichopaswa kuandika. Lakini wawili watakapoondoka, hesabu itafika sifuri, na kiini kitaitoa nafasi ile kwa mwingine hali wa tatu angali ndani. Ni sawa na mwenye nyumba anayempangisha mgeni chumba ambacho mpangaji wa awali bado amelala. Tarakilishi yaweza kuzimika ghafla. Baya zaidi, mwenye nia mbaya anaweza kupanga vitu vyake katika nafasi hiyo kwa makusudi na kukifanya kiini kimtii.

Isitoshe, kosa la aina hii halionekani kila mara. Hutegemea wawili wakutane katika kipindi kifupi kuliko kupepesa jicho. Programu yaweza kujaribiwa mara elfu ikafaulu mara elfu, kisha ikaanguka siku ya kazi yenyewe. Mtaalamu akiongeza mistari michache ya kuchunguza kosa, mwendo wa programu hubadilika kidogo, na kosa hutoweka.

Mpishano, wala si mbio

Waingereza huiita hali hii kwa neno lenye maana ya mbio, na anayetafsiri kwa pupa ataiita hali ya mbio au ya mashindano. Istilahi hiyo haifai. Katika mashindano, washindani wanajuana, wanakimbilia mwisho mmoja, na mshindi hutuzwa. Katika mfano wetu hakuna anayemjua mwenziwe, na hakuna anayetaka kumtangulia. Yule aliyeandika mwisho hakushinda chochote. Alifuta kazi ya mwenziwe bila kujua.

Kiswahili kina kitenzi kinachotosha, nacho ni kupishana. Watu wawili waliopishana njiani ni wawili ambao kila mmoja alipita kwa wakati wake wasionane. Mambo yanayopishana ni yale ambayo hili linaingia katikati ya lile. Maana zote mbili zimo katika kosa hili: hatua za mmoja zimeingia katikati ya hatua za mwingine, na wenyewe hawakuonana. Tukiliita kosa hilo mpishano, mwanafunzi atajua tangu siku ya kwanza mahali pa kutazama. Hatauliza nani ana kasi. Atauliza ni hatua zipi zisizostahili kuingiliwa katikati.

Hatua hizo zisizostahili kuingiliwa huitwa sehemu nyeti. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba anayeingia humo huingia peke yake hadi amalize. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Na katika sehemu nyeti hawakai humo hata kwa dakika moja. Chombo cha kulinda sharti hili ndicho kinachoitwa kufuli.

Kufuli lisilofunga mlango

Neno kufuli linapotajwa, fikra hukimbilia chuma kinachoning'inia mlangoni. Anayelifunga huondoka na ufunguo wake, na mwizi akija hukuta mlango haufunguki. Kufuli la kiini halifanyi hivyo hata kidogo. Kimsingi, ni nambari iliyowekwa kando ya data: 0 ikimaanisha pana nafasi, 1 ikimaanisha pana mtu. Mchakato unaotaka kuingia huisoma nambari hiyo. Ukikuta 0 huandika 1 na kuingia, na ukitoka huandika 0.

Msomaji makini atauliza: je, wawili hawawezi kuisoma 0 kwa pamoja, wakaandika 1 kwa pamoja, wakaingia kwa pamoja? Wanaweza, na hapo kufuli lenyewe litakuwa limeangushwa na mpishano. Ndiyo sababu waundaji wa prosesa waliweka amri maalum inayosoma thamani ya zamani na kuandika mpya kwa tendo moja lisilogawanyika. Katika mashine yenye prosesa nyingi, jengo zima la makufuli limesimama juu ya tendo hilo moja.

Lakini swali zito zaidi ni hili: ni nini kinachomzuia asiyeisoma nambari hiyo? Jibu ni kwamba hakuna. Data iko wazi. Mchakato ambao mwandishi wake alisahau kuuliza utaingia moja kwa moja na kuandika utakavyo, na kufuli halitatikisika wala kulia. Ikiwa njia tisa za kuifikia data zinauliza na ya kumi haiulizi, zile tisa nazo zimefanya kazi bure.

Hapa ndipo neno hodi linapodhihirisha thamani yake. Katika nyumba za Waswahili, mlango aghalabu huwa wazi au umerudishwa tu. Kinachomzuia mgeni si mbao wala chuma bali adabu inayotambuliwa na wote: husimama nje, hubisha hodi, husubiri kukaribishwa. Nyumba inalindwa na mwafaka wa jamii nzima. Asiye na adabu anaweza kuingia, na atakachokikuta ndani ni shauri yake na ni aibu ya wenyeji. Kufuli la kiini ni mwafaka wa namna iyo hiyo.

Tofauti hii si ya kupamba maneno. Anayefikiria kufuli hutulia akishaliona: data ina kufuli, basi ni salama. Anayefikiria hodi hana utulivu huo. Hujiuliza: ni nani anayeingia humu bila kubisha? Hilo la pili ndilo swali ambalo mkaguzi wa programu ya kiini anapaswa kuuliza kila siku.

Mfano huu unaendelea kuzaa matunda ukifuatiliwa. Anayesubiri mlangoni anaweza kusubiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusimama papo hapo akirudia hodi, hodi, hodi bila kupumzika. Hilo ni kufuli la kuzunguka, ambalo hufaa pale kusubiri kunapokuwa kwa muda mfupi mno, au pale ambapo hairuhusiwi kulala, mathalani wakati wa kushughulikia katizo. Ya pili ni kuketi barazani na kulala hadi mwenye zamu atoke na kumwamsha. Njia hii hufaa pale kazi ya ndani inapochukua muda. Ipo pia desturi ya pwani ya kubisha hodi mara tatu kisha kwenda zako pasipo jibu. Kiini nacho kina njia ya kujaribu kufuli na, likiwa limeshikwa, kuliacha na kufanya jambo jingine. Na kama vile mgeni aliyekaribishwa sharti aage, aliyeshika kufuli sharti aliachie. Mmoja akisahau kuaga, wote watakaofuata watasimama nje milele.

Upo pia mkwamo. Mchakato mmoja umeshika kufuli la kwanza na unabisha kwenye la pili. Mwenziwe ameshika la pili na anabisha kwenye la kwanza. Kila mmoja ana adabu, na wote wawili wamekwama. Dawa yake ni mwafaka mwingine: makufuli yashikwe kwa mpangilio mmoja na kila anayeyahitaji. Mwaka 2006, Linux iliongezewa chombo ambacho Ingo Molnár alikuwa miongoni mwa waundaji wake. Chombo hicho hufuatilia mpangilio wa kushika makufuli na kutoa onyo pindi mpangilio unapokiukwa, hata kabla mkwamo haujatokea. Ni dhahiri kwamba hata wataalamu wa daraja la juu hawakuamini kumbukumbu zao wenyewe katika kutunza mwafaka huu.

Gharama ya kutobisha

Mtu anaweza kusema kwamba mambo haya ni ya kinadharia. Historia inamkanusha. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada kwa mionzi iliyopita kiasi, na baadhi yao wakafariki. Mashine hiyo iliendeshwa na mfumo mdogo uliotungwa mahususi kwa ajili yake, ambamo kazi kadhaa zilitumia data zilezile bila ulinzi wa kutosha. Katika baadhi ya ajali hizo, mhudumu aliyezoea kibodi alisahihisha maagizo upesi, ilhali mashine ilikuwa katika zile sekunde nane hivi za kupanga sumaku zake. Sehemu moja ya programu ilipata habari ya marekebisho na nyingine haikuipata. Uchunguzi wa Nancy Leveson na Clark Turner, uliochapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kosa kama hilo lilikuwamo pia katika mashine iliyotangulia, Therac-20, lakini huko vizuizi vya chuma na umeme viliwakinga wagonjwa. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, na kila kitu kikaachiwa programu. Kufuli la kweli liliondolewa mlangoni, na hodi haikubishwa.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mwezi Oktoba 2016, ilitangazwa kwamba Linux ilikuwa na kosa lililopewa jina Dirty COW. Lilikuwa ni mpishano katika usimamizi wa kumbukumbu: mtumiaji wa kawaida, asiye na mamlaka yoyote, aliweza kuandika kwenye faili aliyoruhusiwa kuisoma tu, na kwa njia hiyo akajitwalia mamlaka yote ya mfumo. Kosa hilo lilikuwamo tangu toleo la mwaka 2007. Kwa miaka tisa lilisafiri ndani ya seva na simu za Android duniani kote, huku msimbo wake ukisomeka waziwazi na yeyote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wapo watakaouliza kwa nini basi kusiwe na kufuli moja kubwa kwa kiini kizima, yakaisha. Linux ilijaribu. Toleo la 2.0 la mwaka 1996, lililokuwa la kwanza kutumia prosesa nyingi, lilikuwa na kufuli moja tu la namna hiyo. Usalama ulipatikana, lakini prosesa nne zilipohitaji kiini, tatu zilisimama foleni zikisubiri moja itoke. Kufuli hilo lilivunjwavunjwa polepole likawa makufuli madogo mengi, na halikuondolewa kabisa hadi mwaka 2011. Miaka kumi na mitano ilipita, nayo ilitumika hasa katika kuulizana: data hii inalindwa na nani, na ni nani anayeigusa bila kubisha?

Herufi mbili za Kiholanzi

Pingamizi kubwa dhidi ya maoni haya hujulikana: sayansi hii imezaliwa katika Kiingereza, kwa hivyo na isomwe kwa Kiingereza. Pingamizi hili linasahau kisa cha Edsger Dijkstra. Mwanasayansi huyu Mholanzi ndiye aliyeandika mwaka 1965 makala mafupi yaliyoweka msingi wa kuzuia michakato isiingiliane, na ndiye aliyebuni semafo, chombo alichokifananisha na ishara za njia ya reli. Matendo mawili ya semafo aliyaita P na V. Herufi hizo hazitokani na Kiingereza. V ni ya kitenzi cha Kiholanzi chenye maana ya kuongeza, na P, kwa maelezo yake ya baadaye, ni ya neno alilolibuni mwenyewe kutokana na maneno ya Kiholanzi yenye maana ya kujaribu kupunguza. Hadi leo, wanafunzi kutoka Nairobi hadi Tokyo hukutana na herufi hizo vitabuni. Dijkstra hakusubiri lugha nyingine imruhusu. Alielewa jambo, akalipa jina katika lugha yake, na dunia ikalifuata.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba istilahi mpya zitawachanganya wanafunzi ambao tayari wanajua za Kiingereza. Ni kweli kwamba orodha ya maneno mapya pekee haimsaidii mtu. Lakini ni kweli vilevile kwamba Kiingereza pekee hakikuwasaidia waliotunga programu ya Therac-25. Msamiati wa taaluma walikuwa nao. Walichokosa ni kuelewa kwamba wawili walikuwa wakigusa kitu kimoja. Istilahi isiyobeba utendaji wa jambo ni mlango uliopakwa rangi, iwe ya Kiingereza au ya Kiswahili.

Hapa ndipo lilipo kosa la njia yetu ya kuunda istilahi. Aghalabu tunaanza na neno la Kiingereza, tunatafuta lifananalo katika kamusi, tunaliandika katika safu ya pili, na tunasonga mbele. Kwa njia hiyo mpishano unageuka mbio, na hodi inageuka kufuli. Yafaa mwendo ubadilishwe. Kwanza jambo lielezwe kwa Kiswahili sahili hadi lieleweke, hatua kwa hatua, kama inavyoelezwa kanuni ya arudhi. Neno lifuate maelezo. Neno kufuli limekwisha kuenea, na hapana haja ya kuling'oa; inatosha lifundishwe likiwa na hodi ubavuni. Lakini hali ya mbio bado haijazoeleka, na huu ndio wakati wa kuikataa.

Kazi hii haiwezi kufanywa na idara moja. Anayejua kiini hajui kwamba kitenzi kupishana kinamsubiri. Anayekijua kitenzi hicho hajui kiini kinachokihitaji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini katiba haiandiki maelezo ya makufuli. Yataandikwa na wanafunzi wa Kiswahili watakaoketi na wenzao wa sayansi ya tarakilishi, wakabishana juu ya mfano mmoja hadi wote wawili waridhike, na wakachapisha walichokubaliana katika majarida kama hili. Mlango wa taaluma hiyo haujafungwa kwa chuma. Umerudishwa tu, na ndani mna watu. Kilichobaki ni kubisha hodi.